Kidoa Kando ya Picha ya Kobe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Maonyesho yetu wanafunzi wa sanaa yanafunguliwa kesho. Leo tumetundika picha. Dhuluma tupu! Kobe kapewa ukuta unaotazama mlango. Mimi nimepewa kona ya kuelekea vyooni, kando ya mtungi wa kuzimia moto. Mimi, mwenye picha kubwa kuliko zote! Inaitwa Kilio cha Ulimwengu, Namba Tatu. (Namba Moja na Namba Mbili sikuzichora. Tatu ina uzito zaidi.) Nilimlalamikia mwalimu wa rangi kwamba watu wataitazama wakiwa wamebanwa. Akasema hao ndio watakaoielewa.

Kobe ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja. Tunamwita Kobe kwa sababu picha moja humlia muhula mzima. Safari hii kachora meza ya seremala: randa, maranda, kikombe cha chai chenye ufa. Seremala mwenyewe hayupo. Basi! Hata kilio hakuna.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ufunguzi. Juisi iliisha kabla ya hotuba. Shangazi alikuja, akainamisha shingo kulia, akaiinamisha kushoto, akaniuliza kwa upole kama picha yangu haikutundikwa kichwa chini miguu juu. Wageni wengine walinipita mbio wakienda, na wakarudi wakipangusa mikono. Kwa Kobe watu walisimama kimya kama wamefiwa.

Wakati tunafunga, Kobe akaniambia jambo. Baba yake ni seremala na amechoka kumsomesha mtu wa kuchora. Picha ikipata mnunuzi kabla ya maonyesho kufungwa, Kobe ataendelea na chuo. Isipopata, anarudi nyumbani kupiga randa. Nikamwambia hayo ni maneno ya wazee tu. Mbona shangazi kila mwaka ananiambia nikafuge kuku, na mimi bado niko hapa?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepata akili! Pale ukumbini, picha ikinunuliwa, msimamizi hubandika kidoa chekundu cha karatasi kando ya jina lake. Ikishapata kidoa, hakuna anayeiulizia tena. Ni kama mchumba wa mtu. Sasa, vidoa vyenyewe vinauzwa karatasi nzima pale duka la daftari, kwa yeyote! Na wasimamizi wako wawili, kwa zamu, na hawasemeshani.

Kwa hiyo: kidoa kimoja kwa Kobe. Mnunuzi anaingia, anaona ya mlangoni imekwenda, anageuza shingo, anakutana na Kilio cha Ulimwengu. Si wizi. Sikuchukua kitu, nimeongeza. Nilibandika msimamizi alipoenda kunywa chai. Siku mbili tu, kisha nitakibandua.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mambo yameharibika. Kobe amekiona kidoa kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinikumbatia katikati ya ukumbi, machozi yanamtoka, akaniambia mimi ndiye wa kwanza kujua. Wa kwanza! Papo hapo akampigia baba yake simu. Mzee akasema atafunga karakana Jumamosi aje aone kwa macho yake.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikampongeza.

Na watu? Hakuna aliyegeuza shingo. Wote wamejazana kwa Kobe kutazama ni picha gani hiyo iliyonunuliwa upesi hivyo. Ubaya umezaa ubaya, na hata faida haukuniletea.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Alikuja daktari wa meno, mama mwenye miwani. Alisimama mbele ya kile kikombe chenye ufa mpaka nikachoka mimi. Akaniuliza kama imenunuliwa kweli, maana angependa sana kuitundika pale wagonjwa wake wanapongojea. Mnunuzi wa kweli! Wa kwanza tangu Jumanne!

Ningesema hapana, ningeulizwa nimejuaje. Nikasema ndiyo, imeshakwenda. Kisha, Mungu anisamehe, nikamwonyesha ya kwangu. Akaitazama na kusema wagonjwa wake wana hofu ya kutosha. Akaniachia jina la zahanati yake, iko nyuma ya posta, akaondoka taratibu.

Nikakimbilia kidoa. Kimeganda! Nikakwangua kwa kucha. Msimamizi akanifokea niache kuharibu vya wenzangu kwa wivu. Wivu! Nimejisikia mdogo kama sisimizi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee alikuja na shati lililopigwa pasi, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaniita mwanangu. Akasimama mbele ya picha. Akasema kikombe hicho ni chake, mkewe anataka kukitupa tangu zamani. Akacheka! Kobe aliniambia baba yake hacheki.

Kisha akaomba amsalimie mnunuzi.

Wasimamizi wakatazamana. Huyu alidhani ni yule, yule alidhani ni huyu. Hakuna mnunuzi. Wanafunzi wakaanza kucheka nyuma ya mikono. Mzee akamgeukia mwanawe, akamwuliza kwa sauti ya chini kama alimfungisha karakana aje abandikiwe uongo ukutani. Kobe akasema si yeye, baba, wallahi si yeye. Mzee akasema basi kidoa kimeota chenyewe.

Nilikuwa nimesimama hapo, karibu kiasi cha kuwashika mikono wote wawili. Nilichosema ni kwamba ukumbi huu hauna mwanga mzuri.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Maonyesho yameisha, na Kobe amefunga mizigo. Nilianza kumweleza mara tatu, na mara tatu nikaishia kusema kuna joto. Picha ameniachia. Mzee hataki kuiona nyumbani. Kobe alisema nimtunzie mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye sikumcheka.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu kaja upesi, na amelala kwenye kitanda cha Kobe.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nikigeukia ukutani, kikombe. Nikigeukia mlangoni, kitanda kitupu. Mswaki wake kausahau. Nampenda yule kijana kama ndugu, na sikulijua hilo mpaka chumba kilipokuwa changu peke yangu.

Leo nilikwenda zahanati kuungama. Kabla sijasema neno nikakalishwa kitini, nikaulizwa jino gani. Niliona haya kusema hakuna. Nikaonyesha moja. Likakutwa bovu kweli, likang'olewa! Nikiwa na pamba mdomoni nikamweleza daktari kwamba picha haikununuliwa, iko chumbani kwangu, na mchoraji amerudishwa nyumbani na baba yake kwa kukosa mnunuzi. Hayo tu. Kuhusu mbandikaji, pamba ilinizuia.

Alifurahi kama mtoto. Atakuja Ijumaa jioni. Akiikuta bado inapatikana ataichukua siku hiyo hiyo, na atampigia mzee simu yeye mwenyewe amwambie kijana wake ana kipaji. Kobe atarudi chuoni! Nililia njiani. Watu walidhani ni jino.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nimefagia. Nimefua shuka za Kobe na kutandika kitanda chake. Picha nimeitundika ikitazama mlango. Kazi yangu leo ni moja: kufungua mlango na kunyamaza.

Lakini nimewaza. Daktari amekuwa na siku mbili za kulifikiria jambo hili. Je, kama moyo wake umepoa? Picha inayokaa tu chumbani kwa mwanafunzi, bila mtu wa kuigombea, inaonekana kama haina mwenyewe. Binadamu hutaka zaidi anachokaribia kukikosa. Anahitaji kusukumwa kidogo tu, tena safari hii kwa faida ya Kobe, si yangu. Roho yangu ni nyeupe kabisa.

Na ile karatasi ya vidoa bado ninayo.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Macho ya yule mama si mazuri, masikini, hata kwa miwani. Nimebandika viwili, asije akakosa kuviona.