Jalada la Watoto wa Mzee Vuai

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Nimepata wazo. Wazo kubwa! Limenijia bandani nikikamua ng'ombe, nikamwaga maziwa yote.

Mwanaasha anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Ni binti wa marehemu ndugu yetu Jaribu. Hana baba, hana babu, hana kaka. Amebakiwa na ami zake wawili: Kaka Himid, na mimi Mjaka. Kikao cha ukoo kimeamua walii wake, wa kumwozesha, awe Himid kwa kuwa ni mkubwa. Kila kitu Himid! Kuomba dua, Himid. Kugawa nyama ya Idi, Himid. Kukaa na wageni, Mwalimu Himid, eti amesomesha skuli miaka mingi na ana sauti nzuri. Mimi hupewa kushika miguu ya mbuzi.

Na hii si harusi ya mchezo. Bwana harusi ni Badar, mtoto wa Bwana Humoud wa Tibirinzi, ukoo uliotoka Omani zamani. Watakuja na majoho yao na mashehe wao. Atakayeshika mkono wa yule kijana na kutamka "nimekuozesha" atatazamwa na kila mtu. Namtaka mtu huyo awe mimi. Mara moja tu maishani, nikae mbele.

Wazo lenyewe: ami aliyechangia baba na mama na marehemu humtangulia ami aliyechangia baba tu. Ndiyo sheria. Sasa, nilipokuwa mtoto nilimsikia kizee mmoja msibani akinong'ona kwamba katika watoto watatu wa Vuai mmoja si wa tumbo la Masika, na kwamba jambo hilo lilifika kwa Kadhi. Masika ndiye mama yetu. Mmoja si wake! Nimemtazama Himid miaka yote hii. Mrefu. Mweupe kidogo. Mpole kupita kiasi. Marehemu Jaribu na mimi tulikuwa wafupi na wakali. Nani asiyeona?

Kumuuliza mama mwenyewe? Hata! Bi Masika akikutazama tu unasahau ulichotaka kuuliza. Kesho nakwenda Chake Chake kulitafuta jalada la kesi. Mke wangu Mwanawema nimemwambia nafuata dawa ya kupe.

Jumanne, 12 Agosti

Aibu. Lakini aibu ndogo.

Karani wa Mahakama ya Kadhi anaitwa Bwana Abrahman. Mtu wa adabu, miwani, kofia iliyofumwa vizuri. Akaniuliza mimi ni nani. Nikaona jina langu jepesi kwa mahali pazito kama pale. Nikajibu: Mwalimu Himid Vuai, wa Wingwi.

Akasimama wima. Akaniuliza, Mwalimu Himid aliyekuwa akisomesha hesabu? Nikasema huyo huyo. Akaniangalia juu mpaka chini, akarudi chini mpaka juu. Akasema Mwalimu Himid ndiye aliyemfundisha yeye, na alikuwa akiinama kupita mlango wa darasa.

"Mwalimu umepungua," akasema.

Nikasema ni maradhi. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kuwa kusema uongo mahakamani si jambo dogo, lakini kwa vile sijala kiapo atajifanya hakusikia. Nikataja jina langu kwa sauti ya chini.

Akanieleza taratibu. Majalada ya ndoa, talaka na malezi hapewi mpita njia. Nilete barua ya sheha, mkuu wa mtaa wetu, inayosema mimi ni nani kwa hao wenye kesi. Nitaje majina ya waliodai na kudaiwa, mwaka hata wa kukisia, na sababu ya kuomba. Nikamuuliza kama hawezi kuchungulia mara moja tu, kiungwana. Akaniuliza kama ningependa mtu achungulie ya nyumbani kwangu, kiungwana.

Mlango nyuma yake ulikuwa wazi na nimeona. Ya Rabi! Rafu mpaka darini. Majalada yamefungwa kamba, rangi ya majani ya chai. Nyumba zote za Pemba zimo mle. Waliopendana, walioachana, waliogombea watoto. Wamekufa, na maneno yao yamekaa yanangoja. Nilivua kofia bila kujijua.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi kwa sheha wetu, Mzee Kificho. Nimemwambia nataka barua kwa ajili ya historia ya ukoo. Machozi yakamlenga! Akasema watu wa siku hizi hawajali walikotoka. Akaandika barua ndefu yenye sifa zangu. Nimeisoma na kuikubali yote.

Kumbe hakutosheka. Baada ya sala ya adhuhuri amesimama msikitini na kuwaambia watu wamuige Mjaka Vuai, anayekwenda kwa Kadhi kutafuta jalada la wazee wake. Himid alikuwa safu ya kwanza, kama kawaida yake. Nikamwona shingo imekauka.

Alasiri akaja kwangu. Akakaa barazani, akakataa chai.

"Mjaka ndugu yangu, jalada lile liache."

Nikamuuliza kwa nini. Akatazama chini.

"Liache tu. Halikuongezei kitu."

Sauti yake nzuri yote imekwisha! Ameogopa! Nimemsindikiza kwa heshima mpaka njiani, kisha nikaingia bandani nikacheza peke yangu. Ng'ombe wameshuhudia.

Alhamisi, 14 Agosti

Chake Chake tena. Nimewasilisha barua. Majina: Vuai na Masika. Mwaka: nilikuwa mchanga, basi hamsini na moja, mbili au tatu. Bwana Abrahman amesema watatafuta, nirudi Jumatatu.

Ningeondoka hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini nikaona niwasaidie kutafuta. Wakati watu wamekwenda kusali, nikazunguka nyuma, nikapanda jiwe, nikatia kichwa katika dirisha la chumba cha majalada. Kichwa kimeingia. Kutoka kimekataa.

Nikasikia nyuma yangu mtu anatoa salamu. Nikaitikia kwa kuelekea ndani, maana sikuwa na njia nyengine.

"Unatafuta mlango?" akauliza.

Ni Kadhi mwenyewe, Shehe Nassor! Ametoka kusali, ndevu nyeupe pe. Hakunifokea. Amenishika masikio kwa mikono miwili, taratibu kama mtu anayechuma papai, akakitoa kichwa changu. Kisha akanishika mkono akanipitisha mlango wa mbele, akanionesha kiti. Akasema majalada ya miaka ile yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, hivyo likipatikana atanisomea mwenyewe.

Mtu amekukuta umenasa dirishani, naye anakuahidi kukusomea! Masikio yanauma.

Jumatatu, 18 Agosti

Sijui nianze wapi.

Jalada limepatikana. Jembamba. Shehe Nassor amefunga mlango, tumebaki watatu: yeye, mimi na Bwana Abrahman. Akasema Bismillahi, akafungua, akaanza kusoma polepole.

Mdai: Bi Mize wa Konde. Anamdai mjukuu wake, mtoto wa kiume anyonyaye, aliyeachwa na binti yake marehemu Tatu, mke wa pili wa Vuai. Jina la mtoto, Mjaka.

Nikasema samahani Shehe, hapo pasomwe tena, labda ni Himid. Akasoma tena. Mjaka. Nikaomba mara ya tatu. Bwana Abrahman akaniletea maji.

Kisha akafika kwenye maneno ya mama. Yameandikwa kama alivyoyasema. Mama yangu! Msichana wakati huo, mbele ya Kadhi, mbele ya wanaume tupu:

"Nimekuja kwa miguu kutoka Wingwi na mwanangu Himid. Mtoto huyu sikumzaa. Mama yake alikuwa mke mwenzangu, na tuligombana sana, Mungu amrehemu. Lakini siku alipokufa mtoto alilia, na miye nina maziwa ya Jaribu. Nikampa. Tangu siku hiyo hashiki kwa mwengine. Haki ni ya bibi yake, naijua. Sikuja kudai haki. Nimekuja kuomba."

Shehe Nassor akapangusa jicho. Hata yeye!

Kadhi wa wakati ule alimuuliza atamwambia nini mtoto akikua. Akajibu: "Nitamwambia ni wangu, mpaka siku atakayouliza."

Bi Mize akaomba ampakate mtoto. Imeandikwa kuwa mtoto alilia sana. Imeandikwa pia kuwa alimkojolea karani na kikao kikasimama kidogo. Bwana Abrahman akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Kisha Bi Mize akamrudisha mtoto kwa Masika na kusema: "Haki yangu nimemwachia yeye. Nitakuwa nakuja kumtazama." Hakukuwa na hukumu. Pande mbili zimesikilizana. Dole gumba la Bi Mize, dole gumba la Masika, moja pembeni ya jengine.

Nimeyatazama madole yale. Wino bado mweusi. Nilikuja kuchimbua aibu ya Himid, nikawakuta wanawake wawili wakinigombea kwa upole namna ile. Mimi! Mshika miguu ya mbuzi!

Bwana Abrahman akaniuliza kama nataka nakala yenye muhuri. Nikasema ndiyo, nikasema hapana, nikasema ndiyo. Ameniandikia. Nimeikunja nikaiweka kifuani, nikatoka, nikapita mlango wa soko badala ya stendi.

Ndiyo, na uwalii umekwenda. Himid ni wa baba na mama. Mimi ni wa baba tu. Nimelithibitisha mwenyewe, kwa muhuri.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda kwa mama. Nimemkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Akaniuliza mbona uso umenishuka kama niliyepigwa. Nikamwambia natoka kwa Kadhi. Vidole vyake havikusimama.

"Umesoma?"

"Nimesomewa, mama."

"Basi ndo umeuliza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote.

"Hukuuliza. Weye ulikuwa mtu wa kula tu. Umenyonya mpaka Jaribu wa watu akabaki na uji."

Nikataka kusema jambo kubwa. Nilikuwa nimelipanga garini. Nimefungua mdomo, kimetoka kilio, kama cha ndama. Akaniacha nilie. Kisha akanivuta kichwa akakiweka gotini kwake, juu ya ukindu, akaendelea kusuka huku mimi nimelala pale. Mtu mzima na ndevu zangu!

Baadaye akasema Bi Mize alikuwa akija kweli, mpaka alipokufa. Ndiye kizee aliyekuwa akiniletea visheti utotoni, nami nikivificha nisimpe Jaribu. Na kwamba siku ya kesi Himid alikuwa kijana mdogo, naye ndiye aliyenibeba njiani kila mama alipochoka.

"Nilimwambia asiseme. Hajasema mpaka leo."

Kisha akaniambia ng'ombe wangu wana njaa, niende.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya harusi. Msikiti umejaa mpaka nje. Watu wa Tibirinzi, majoho, udi, Bwana Humoud kama mlima. Nimekaa nyuma karibu na viatu, kwa hiari yangu. Sikuwa na kinyongo. Nimejishangaa.

Shehe akauliza walii ni nani. Himid akasimama. Kila mtu akainua shingo kungoja ile sauti. Akasema yeye ndiye walii, lakini jukumu la kutamka anamkabidhi ndugu yake, Mjaka Vuai.

Sikusikia. Sheha Kificho alinisukuma. Nikapita katikati ya safu zote zile, watu wakivuta miguu kunipisha. Himid akanipisha nafasi yake, akaninong'oneza: "Pumua."

Nikaushika mkono wa Badar. Wa baridi kuliko wangu. Macho yote kwangu. Nuru dirishani, udi. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Nimekuozesha Masika binti—"

Msikiti ukaripuka! Bwana Humoud amecheka mpaka kilemba kikamtoka. Mama, kwa upande wa wanawake, amesikika akisema yeye hamtaki, kijana mno. Nikarudia. Mwanaasha binti Jaribu, kwa uwakilishi wa walii wake. Badar akakubali. Imekamilika.

Nje nikamuuliza Himid kwa nini. Akasema kifua kilimbana. Kifua! Amekula pilau sahani mbili mbele yangu. Nimemkumbatia, nikashindwa kumwachia. Mtu gani huyu? Ameibeba siri tangu utoto, tena kunilinda mimi, na mimi nikimwita mwoga. Sijapata kuona moyo kama ule. Sitamshuku tena mtu yeyote.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefikiri.

Mtu hampi mwenzake nafasi kama ile hivi hivi. Haiwezekani! Mbele ya watu wa Tibirinzi? Kwa kifua? Wema wa namna hii una asili yake, na asili lazima imeandikwa mahali. Nimekumbuka kuwa Himid aliwahi kuachana na mke wa kwanza, na hakuna ajuaye sababu. Jalada lake litakuwapo Chake Chake. Shehe Nassor atanisomea, tumeshazoeana.

Nimekwenda kwa sheha. Amekataa kuniandikia barua ya pili ndani ya mwezi mmoja mpaka ndugu yangu wa karibu atie saini. Ndugu wa karibu ninaye mmoja tu. Nikampelekea Himid karatasi, nikaikunja ili aone pa kusaini tu.

Ameikunjua. Amesoma kuwa naomba jalada la talaka yake mwenyewe. Amesoma mpaka mwisho, akanirekebishia tarehe, akatia saini, akacheka peke yake, akanirudishia kalamu.

Amecheka! Bila kuuliza chochote! Jambo lenyewe ni kubwa kuliko nilivyodhani. Jumatatu naondoka na gari ya mwanzo.