Malalamiko juu ya Lori la Marehemu Ngolo Kulainishwa Nyuma

Butiama,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Fundi Mugeta,
Gereji ya nyuma ya soko,
Musoma.

Mwanangu Mugeta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nataka kukulaumu, na mgonjwa halaumiwi. Shule sikwenda. Herufi nilizipata ukubwani kwenye kisomo cha kanisani, kwa hiyo maneno ya kuzunguka sikufundishwa.

Nathan wangu alikuletea lori la marehemu baba yake, lile Bedford la pamba. Ukaitazama chesisi ya nyuma, ukasema imepasuka. Sawa. Ukaikata, ukachomelea vyuma vipya. Sawa pia. Lakini nani alikutuma kung'oa springi nene za marehemu, uweke za basi, na shokapu za kumeza mitikisiko juu yake? Lori sasa linatembea kama mama mchungaji anapopita katikati ya viti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Halisikiki. Zamani lilikuwaga likigonga mawe kule kilimani tunalisikia kabla halijaonekana, tunainjika maji ya ugali. Juzi wageni kutoka Bunda walishuka uani kwangu nimejifunga kanga moja, nafukuza kuku. Shemeji yangu Makoye alinikuta hivyo. Akageuka akaitazama mihogo mpaka nilipoingia ndani. Mtu mzima na heshima zake, kutazama mihogo muda wote ule, wewe unaona sawa?

2. Vijana hawaoani. Rhobi na Silasi wa Guta walianzia kwenye benchi la nyuma la lori hilo. Liliruka, Silasi akamshika mwenzake mkono, hakuuachia. Leo mtoto wao wa kwanza yuko darasa la tano. Sasa kila mmoja anakaa na simu yake, hakuna kinachowatupa. Mchungaji analia ndoa zimepungua. Nimemwambia aje gereji kwako.

3. Misiba imeharibika. Tulimpeleka bibi Sara kuzikwa Bukima. Zamani hata asiyemjua marehemu, lori likimrusha mara mbili tatu alikuwaga analia vizuri tu. Safari hii wafiwa walisinzia, wakashuka makaburini wanajinyoosha. Consolata alikoroma ameegemea jeneza, naye ndiye mkwe. Marehemu alikuwa na mdomo, lakini hilo hakustahili.

4. Hili ndilo limenikalisha niandike. Jumamosi ijayo ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu Wankyo wanatoka Kibara, na lori la kuwaleta ni hilohilo. Wewe ni mtu wa huku, unajua tunavyofanya. Ng'ombe wakishuka, wazee wetu wanawazunguka, wananyoosha fimbo: huyu magoti yanatetemeka, yule macho yamezama, mmetuletea wagonjwa. Wakwe wanaona aibu, wanaongeza ndama. Hatudanganyi mtu. Ng'ombe alikuwaga anatetemeka kweli, kwa springi za Ngolo. Nusu ya zizi langu imetokana na springi hizo.

Sasa mwezi uliopita ng'ombe wa binti wa jirani walishuka kwenye kazi yako wanacheua. Fahali mmoja aliruka chini, akaenda moja kwa moja kula nyasi za banda la wageni. Wazee wetu wakawazunguka mara mbili na fimbo zao. Mwisho mmoja akasema ng'ombe hawa wamenenepa mno. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini.

Wankyo nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Hawezi kuondoka kwangu kwa ng'ombe wasiobishaniwa. Watu watasema tulikuwa na haraka naye.

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumamosi, urudishe springi za marehemu. Nathan anasema zimelala nyuma ya gereji yako. Shokapu toa zote. Kama unaona uchungu kuharibu kazi ambayo kila mtu anaisifu, na kusifiwa kwake ndiyo shida yenyewe, basi nitamwandikia mtendaji wa kata, serikali iturudishie mawe iliyoyaondoa barabarani. Nadhani nitasikilizwa. Ni jambo lisilohitaji bajeti.

Msalimie mkeo Hyasinta, mwambie sato aliyeniletea nilimla mpaka kichwa. Wasalimie na mafundi wako wote, waambie wale kwanza ndipo washike nyundo. Mihogo niliyotuma msiimenye na mikono ya grisi.

Ni mimi mama yako, ninayekugombeza kwa sababu wewe ni wangu,

Mama Nathan, mjane wa Ngolo.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Nathan ameingia kusema wazee wamekaa, wameamua mimi ndiye nitakayekwenda Kibara kuwakagua ng'ombe, kisha nirudi nao kwenye lori hilohilo. Mugeta, nyonga yangu ya kushoto unaijua? Huijui, sijamwambia mtu. Springi za marehemu ziache hapohapo zilipolala. Ukipata nafasi, lainisha kidogo tena upande wa kushoto. Ng'ombe watajua wenyewe namna ya kuonekana wagonjwa.