Hodhi Lisilo na Mlango

Leo nimeumbuka. Tena si kuumbuka kwa kujikwaa njiani, ukainuka, ukajipangusa, ukajifanya ulikuwa unaokota kitu. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wanawake sita, nikiwa sina nguo. Yote haya yametokana na siku niliyokubali kuletewa hodhi la kuogea nikakataa kuwekewa mlango.

Niwaeleze taratibu, wenzangu wa bweni moja. Mkikutana someaneni barua hii, ila msiisome mbele ya wake zenu.

Magoti yangu mnayajua. Tangu Mama Maduhu afariki nimekuwa nikioga uani, ndani ya ua wa mabua, nimeketi juu ya jiwe bapa na karai mbele yangu. Mwezi uliopita niliteleza kwenye jiwe hilo nikaanguka kwa kiuno. Mwanangu Maduhu, ambaye yuko karakana ya mgodini, akanijia.

"Baba, siku moja utavunjika nyonga. Kuna nyumba ya wakubwa inakarabatiwa. Wametoa hodhi la chuma, wameniruhusu nilichukue."

Ningesema hapana. Ningesema, mwanangu, niletee kigoda kirefu na kamba ya kushika, inatosha. Lakini nikajiona nimelala kwenye maji ya moto kama bwana mkubwa. Nikasema, "Lete."

Likafika hapa kwetu Maganzo kwa mkokoteni wa ng'ombe. Jeupe, lina miguu minne iliyopinda kama ya fisi, na ukuta wake unanifika pajani. Barabara nzima ilisimama kutazama.

"Mzee, umejenga josho la ng'ombe?" akauliza mmoja.

"Ng'ombe ndiye yeye mwenyewe!" akajibu mwingine.

Nilicheka nao. (Moyoni sikucheka.)

Kesho yake Maduhu akamleta fundi Juma, mchomeleaji, mtu wa Kigoma. Juma akalitazama hodhi, akayatazama magoti yangu, akatikisa kichwa.

"Mzee, hili ni la vijana. Ukuta mrefu. Nikate ubavu hapa, niweke mlango mdogo wa bati nene, nizungushie mpira wa tairi lisivuje. Unaingia kwa miguu kama unavyoingia chumbani. Unafunga, unakaa kwenye kiti, ndipo unajaziwa maji. Ukimaliza unayaachia yote, unafungua, unatoka. Hunyanyui goti hata kidogo. Na hapa nakuwekea chuma cha kushikilia."

Sijapata kusikia maneno ya akili kuliko hayo. Wazee wote wangepewa kitu cha namna hiyo. Mwili unapata joto mpaka kiunoni, magoti yanalegea, huanguki, humsumbui mtu.

Hata mkamwana wangu Kabula, mama wa mjukuu wangu Minza, alituma neno. (Wewe uliyetoka Songea huenda hujui. Kwetu Usukumani mkamwana na baba mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Haketi nilipoketi, hanitazami usoni, na habari za kuoga hawezi kunitajia kamwe.) Kwa hiyo alipitishia kwa mumewe.

"Mama Minza anaomba ukubali mlango, baba," Maduhu akasema. "Anauliza, ukikwama humo mchana tukiwa hatupo, nani atakutoa?"

Nikamjibu, "Watu wameshasema josho. Josho ndilo lina mlango wa kuingilia. Unataka niwape ushahidi?"

Fundi Juma akafunga vifaa vyake. Huo ndio upumbavu wangu, sina wa kumsingizia.

Leo basi ni siku ya mnada. Wanaume wote wamekwenda mnadani tangu asubuhi, Maduhu yuko kazini. Kabula, na mtoto Minza mgongoni, akachota maji ndoo nane kisimani, akayachemsha, akayamimina, akaweka kinu kilichofudikizwa kiwe ngazi yangu. Kisha akaondoka kwenda shamba la nyuma, kama ada inavyotaka, asubiri nikohoe nikimaliza.

Nikapanda kinu. Nikavusha mguu wa kwanza. Nikavusha wa pili kwa kuuvuta na mkono kama gogo. Nikazama. Jamani! Yale maji! Magoti yalinyamaza kwa mara ya kwanza tangu masika. Nikaimba. (Ndiyo, niliimba. Sauti yangu mnaikumbuka.) Nikajipaka sabuni ya mche, kipande kizima alichonipatia Maduhu, nanyi mnajua sabuni siku hizi ilivyo adimu. Nikapaka mpaka kingo za hodhi, kwa furaha tu.

Wakati wa kutoka nikashika kingo. Mkono ukateleza, puu! Nikajaribu tena, puu! Nikatupa mguu mmoja nje ya ukingo, nikapiga teke bila kukusudia, kinu kikaanguka kule nje, nikakisikia kinabingirika kwenda zake. Nikajigeuza kifudifudi ili niinuke kwa magoti. Magoti yakakataa. Nikabaki hivyo, mgongo juu kama kobe.

Nikafikiri, na hapa ndipo elimu yangu ya sekondari ilipoonekana. Nikasema, maji ndiyo yananizuia, niyatoe. Nikachomoa kizibo. Kumbe maji ndiyo yaliyokuwa yananiinua kidogo. Yalipoisha nikawa mzito mara mbili, mtupu, juu ya chuma kinachopoa.

Nilikaa humo muda mrefu, sipigi kelele kwa aibu. Mwishowe Kabula akaona sikohoi, akaja nje ya ua.

"Baba! Umeumia?"

"Sijaumia. Usije!"

"Siji, baba. Umekuwaje?"

"Nimekwama."

Hakucheka. Mimi ningecheka.

"Nimwite nani, baba?"

"Mwanamume yeyote!"

Nikamsikia akikimbia. Alizunguka nyumba zote za jirani. Hakukuta mwanamume ila mlevi mmoja aliyelala, hakuamka. Akarudi akihema.

"Baba, wako mnadani wote. Nimemwomba jirani amwite shangazi." Shangazi ndiye dada yangu Mbula, anakaa upande wa pili wa barabara kuu.

"Basi nitasubiri," nikasema. Lakini upepo ulikuwa unapita kwenye mabua, na meno yangu yalianza kugongana. Akawa ananiita kila mara, nami najibu. Kisha nikawa nasikia anaita, ulimi haugeuki.

"Baba! Baba, nijibu! Baba, nisamehe, naingia!"

Aliingia kinyumenyume. Mtoto alimweka chini nje ya ua, nilimsikia Minza analia. Akafungua mbeleko yake, akanirushia bila kugeuka, ikanifunika. Kisha akafumba macho, akanishika chini ya makwapa, akanivuta nivuke ule ukuta, akanibeba mgongoni. Mimi, baba mkwe! Mikono yangu shingoni kwake, mbeleko ya mjukuu wangu inanifunika nusu, nusu nyingine inapepea.

Tukatoka uani hivyo. Na pale mlangoni pa ua ndipo tulipokutana na dada Mbula na wanawake watano.

Mmoja akashindwa kujizuia, akaguna puani. Mwingine akaziba mdomo kwa khanga. Halafu wote wakapasuka.

Laiti ningecheka nao, hadithi ingeishia hapo, nanyi mngenitania mpaka kaburini. Badala yake, nikiwa bado mgongoni kwa yule binti, nikafoka.

"Wewe mwanamke, nani amekuambia uingie? Kwenu hawakukufundisha adabu? Mama yako alikulea na mbuzi?"

Kicheko kikakatika.

Kabula akanishusha polepole kwenye kiti, akanifunika vizuri, akapiga magoti akiwa amegeukia pembeni. "Nisamehe, baba," akasema. Akamwinua mtoto wake, akaingia ndani.

Dada Mbula hakunipa pole. "Kaka," akasema, "habari ya mkamwana kukuona mwili ilikuwa ya kuchinja kondoo mmoja wa kutakasa mbele ya wazee wawili. Kesho ingekwisha. Lakini umemtukania mama yake mbele za watu, naye anatetemeka kwa uzito wako. Kwa hilo nichinje nini?"

Saa tisa Kabula alipanda lori la Ushirombo, kwao, na Minza mgongoni. Nilikuwa kwenye kiti kile kile. Nilimwona akipita. Ningeweza kumwita. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, lori likaondoka.

Maduhu amerudi saa kumi. Amesikiliza akiwa amesimama.

"Baba, ndoo nane zile alichota nani? Na alipoingia, ulikuwa unaweza kutoka mwenyewe?"

Amefunga nguo zake kwenye shuka. Amesema anamfuata mkewe, na wakirejea watapanga chumba kule kwenye kota za mgodini. Ameniamkia shikamoo wakati wa kuondoka, nimeitikia marahaba. Hajawahi kuniaga kwa shikamoo, kama mgeni.

Chekeni kuhusu kinu na sabuni, nawaruhusu. Mengine naomba msiyacheke. Nilikataa mlango kwa kuogopa watu wa barabarani wasinicheke, na umenigharimu mkamwana aliyenitunza kuliko nilivyostahili, mjukuu wangu Minza, na mwanangu wa pekee.