Fundi Aliyefufuka Ukumbini

Jumapili, 7 Agosti 1983

Furaha! Leo kanisani nimepitia mlango wa kwaya na nikasimama na sauti ya nne hadi nilipoguswa bega. Kichwa kimejaa filamu.

Jana ukumbini tumeonyeshwa filamu mpya ya upelelezi, kazi ya vijana wa Arusha waliojichangia wenyewe. Hakuna shirika lililowapa hata betri. Koti moja linavaliwa na mpelelezi, baadaye na jambazi, baadaye na padri. Nimelitambua kwa kiraka cha kiwiko. Lakini kisa! Kinaanza na maiti. Moja kwa moja! Mama mmoja, fundi cherehani, ameuawa dukani kwake. Anazikwa. Mpelelezi anahangaika, anamkamata jambazi migombani. Nikadhani tumemaliza. Hapana! Ndipo linapotokea jina la filamu: Nani Kamuua Fundi? Na fundi mwenyewe huyo hapo, mzima, anashona, anacheka, anamkaripia mteja mwenye kiuno kisichopimika. Jioni anafunga duka, anaelekea kwake kwa miguu. Mwisho.

Ukumbi uliruka! Nimemkumbatia mtu wa kijiji cha Nakwa nisiyemjua.

Mchana nimeandika uhakiki nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, kama kawaida yangu, nikaubandika kwenye ubao nje ya ukumbi. Nimesema vijana hawa wanauliza swali baada ya kutoa jibu, kama mwalimu anayetaka kujua nani alisinzia. Nimesema haki ikitendeka kikamilifu, aliyedhulumiwa hurudishiwa vyote, na uhai ukiwemo. Sentensi hiyo nimeisoma kwa sauti mbele ya kuku. Nzuri!

Marehemu mke wangu Philomena angeipenda. Alikuwa akitazama filamu huku ameshika ndala mkononi, ili tukilazimika kukimbia asizipoteze. Tukifika nyumbani ananiuliza kama yule dada wa kwenye filamu naye ameshafika kwake. Nilikuwa namjibu ameshafika.

Jumatatu, 8 Agosti

Balaa. Pembeni ya uhakiki wangu kuna karatasi ya daftari, yenye mistari. Mwalimu hakosi karatasi! Ni Mwalimu Fabiani, ambaye naye huhakiki filamu kwenye ubao uleule. Anasema filamu hii aliiona Arusha na fundi hafufuki. Anasema Jumamosi mikanda ilichanganywa, wa kwanza ukawekwa mwisho, na Bwana Paskasi wa mizani ya ghala, yaani mimi, akalisifu kosa kama sanaa. Amemalizia kwa kupiga mstari: Marehemu ni marehemu.

Nimeongeza chini yake kwa penseli: Si lazima.

Nikamwendea Rashidi, mwenye kuendesha projekta. Aliapa. Aliapa tena kwa mama yake. Kisha akakubali. Mikanda ilitoka Kondoa ndani ya makopo yasiyo yake, naye akaiweka kwa jinsi makopo yalivyoandikwa. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia hata mimi mwenyewe ningefurahi kama asingeniambia.

Jioni Mama Kandida, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ametuita wote wawili. Tumempa shikamoo, ameitikia bila kutuangalia. Anasema ukumbi wake hauwezi kuwa na ubao unaogombana wenyewe. Dizeli kidogo ya jenereta imepatikana, filamu itarudiwa Jumamosi. Aliyeieleza ilivyo atabaki na ubao. Mwingine aache kuandika, akapumzike. Fabiani alisema asante Mama, kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kusahihisha mtihani. Na mimi nilisema asante.

Nitafanya nini bila ubao? Tangu Philomena aondoke sina wa kumsimulia filamu nyumbani. Lakini kule ghalani watu wananisimamisha na magunia vichwani: Baba Antonia, twende au tusiende? Nami nasema twendeni.

Jumatano, 10 Agosti

Mpango! Kama mikanda ilikosewa mara moja, inaweza kukosewa mara mbili. Kinachohitajika ni sabuni.

Nimepanga foleni tangu asubuhi, nikapata mche mmoja. Siku hizi ukikutwa na kitu usichoweza kukieleza unaitwa mhujumu uchumi, kwa hiyo nimeuficha ndani ya shati, tumboni. Jua kali. Jasho. Kufika karibu na soko nilikuwa natoa povu! Mgambo akanisimamisha, akanizunguka, akanusa. Akauliza mbona leo mzee unanukia hivi, unaoa? Nikasema ndiyo. Akanipa mkono, ukateleza.

Rashidi ameupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akafumba macho. Ameahidi mkanda wa kwanza utakuwa wa mwisho. Nimerudi nyumbani nikirukaruka kama ndama.

Ijumaa, 12 Agosti

Jana nilihakiki filamu nyingine mbili za mwezi uliopita ili mkono usikakamae. Ya karate: wanapigana sana, kwa sababu ambayo nadhani ilikatikia Kondoa. Ya Kihindi: nyimbo nzuri, machozi ya kutosha, mvua nyingi mno, mahindi ya kule Singe yangefaidika. Fabiani naye ameandika kuhusu hizohizo, kurasa mbili, ametaja kivuli na mwanga. Nani anataka kivuli? Watu wanataka kujua twende au tusiende.

Wasiwasi mmoja. Nimemkuta Rashidi anakunywa chai. Nikaonja. Tamu! Sukari, Agosti hii! Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema ipo tu, Mwalimu Fabiani ni mtu mwema. Nikamkumbusha sabuni. Akanipigapiga mgongoni, akasema usihofu Baba Antonia, kila mtu atapata chake.

Jumapili, 14 Agosti

Acha niandike taratibu.

Jana mchana, mablanketi madirishani. Watu! Singe, Nakwa, hadi wanawake wa Mutuka waliotembea na watoto mgongoni. Wote wamesoma uhakiki wangu au wamesomewa. Wamekuja kumwona mama anayefufuka.

Projekta ikawaka. Jina la filamu. Kwanza kabisa! Kisha fundi, mzima, anashona. Rashidi! Nikageuka kutazama kitundu chake. Akanipungia mkono, msafi kuliko sisi wote.

Mkanda wa pili, fundi akauawa. Alipozikwa nikaona jambo. Wanawake waliacha mabenchi, mmoja mmoja, wakakaa sakafuni kama wako msibani. Wanaume wakavua kofia. Mama Kandida mwenyewe alikaa chini. Mkanda wa tatu, jambazi akakamatwa. Pazia jeupe tupu. Blanketi moja likaondolewa, mwanga ukaingia.

Fabiani akasimama, akanyoosha kola. Akasema hatasema neno. Kisha akasema mengi. Kuhusu elimu, kuhusu watu wa mizani, kuhusu marehemu kuwa marehemu.

Hakuna aliyeinuka! Mama mmoja wa Mutuka, aliyekaa mbele kabisa, akamuuliza kwani wewe mwalimu una haraka ya kwenda wapi, matanga yamekwisha? Walikuwa wameambiwa huyu mama anarudi. Mwingine akasema yeye hakuja kwa trekta, kaja kwa miguu, na hamwachi mwenzake kwenye shimo ili arudi kupika maharage. Fabiani akawaeleza kwamba ni filamu, mama zangu. Wakamwambia na wao wanajua ni filamu, wasingekuja kulipia msiba wa kweli. Akaketi. Wakaanza kuimba wimbo wa mazishi, polepole, hadi beti zote zikaisha. Mimi nikaimba sauti ya nne, maana nimeizoea.

Rashidi akatoa kichwa, akamuuliza Mama Kandida afanyeje. Mama Kandida akafuta macho kwa pindo la khanga. Akasema mtoe. Rashidi akauliza nani? Akasema mtoe huyo mama, wewe, unangoja nini!

Mkanda wa kwanza, tena. Blanketi likarudi. Na huyo hapo! Anashona! Anacheka! Vigelegele vilipanda hadi vumbi la darini likatushukia. Watu walimsalimia kwa mikono. Alipofunga duka na kushika njia ya kwake, ukumbi mzima tulimsindikiza kwa macho. Nikamwinamia Fabiani nikamuuliza kama anadhani atafika salama. Akanijibu ninyamaze, watu wanatazama. Shavu lake lilikuwa limelowa. Au ni vumbi.

Hukumu ilitolewa mlangoni. Mama Kandida akasema Mwalimu alisema ilivyo, ubao ni wake. Akasema pia kwamba ubao usio na Baba Antonia utasomwa na mbuzi. Kwa hiyo naachiwa kona ya chini, kwenye msumari uliopinda, niandike filamu za serikali tu. Na nieleze zilivyo. Nikaahidi, mkono kifuani.

Rashidi ameniomba nimwelewe. Kila mtu kapata chake, anasema.

Jumanne, 16 Agosti

Nimetulia. Nimepata fundisho. Mhakiki aandike alichokiona kwa macho yake, basi. Nimelala vizuri, nimekula vizuri, nimemsalimia Fabiani kwanza.

Ijumaa inakuja filamu ya serikali kuhusu kuogesha ng'ombe kwenye josho. Bado sijaiona. Uhakiki nimekwisha kuubandika. Nimeiita filamu ya upelelezi ya kutisha: muuaji ni mdogo kuliko punje ya maharage, amejificha mwilini mwa marehemu, na hakuna anayemshuku! Kufika saa nne watu walikuwa wamejaa mbele ya msumari wangu. Ghalani hakuna anayeniuliza kuhusu mahindi. Mutuka nzima inakuja.

Tatizo ni moja dogo. Rashidi anasema ng'ombe anakufa mkanda wa kwanza, na mikanda ni miwili tu, tukiigeuza atakufia mwishoni.

Nimeshawaahidi watu atafufuka. Naenda kupanga foleni ya sabuni.