Majina 212 ya Kuokoa Maktaba ya Burungu

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa sita 2010

Wakubwa wa kijiji wamefunga maktaba! Kufuli jipya, barua mlangoni: kwa kuwa maktaba haina tena vitabu wala wasomaji, nyumba itapewa kazi nyingine. Kazi gani? Fromaji, jibini ya maziwa! Damascène, muuza fromaji, amekwisha kupima rafu kwa mikono yake. Anasema upana ni uleule hasa wa fromaji zake. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu. Kusoma na hesabu nilijifunzia kwenye rafu zile. Leo zinuke maziwa?

Kweli, ni tupu. Lakini kila mtu anajua sababu. Vita vilipofika mwaka 2008, Mama Mukashema, mtunza maktaba, alisimama mlangoni akampa kila msomaji kitabu kimoja cha kukimbia nacho. Mubebe kama mutoto, alisema. Tangu hapo vitabu viko mu mafurushi ya watu.

Jaji anayezunguka vijijini atakuwa hapa tarehe 15. Tunashitaki!

Jumatano, tarehe 9

Mama Mukashema ameandika mashitaka. Ukurasa mmoja. Mmoja tu! Anasema barua imesimama juu ya maneno mawili ya uongo, basi ataangusha hayo mawili, hana haja ya la tatu. Mwanamke yule! Amekimbia mara nne, daftari la maktaba limefungwa tumboni chini ya kitenge. Wengine tulikimbia na mabati.

Ila hesabu hajui. Daftari lina wasomaji 63. Nani aliwahi kuogopa 63? Mimi naona jaji anataka mia mbili. Nimemwambia: niachie mimi. Amenitazama sana.

Alhamisi, tarehe 10

Nimeweka meza kando ya barabara, kalamu, karatasi. Mpaka saa sita: majina manne. Moja langu, moja la mke wangu Kanyere.

Kisha mama mmoja akauliza hii iko liste ya nini. Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akamvuta: shika mustari, dada, utauliza nyuma. Mstari! Mpaka kwenye kona! Wakaanza kunitajia watoto. Mzee Nzabandora, mkulima wa maharagwe, kasema tisa. Namjua, ana wanne. Nimeandika tisa. Sikudanganya mtu. Aliyeuliza alijibiwa na mwenzake.

Jioni: 212! Hata Damascène kapita mbio, kaona mstari, katia kidole gumba. Atajuta.

Kanyere anasema tangu vita vianze, mtu wa hapa akiona liste ya majina anaona mafuta na unga wa msaada. Nimemjibu: jina ni jina.

Jumanne, tarehe 15

Aibu. Aibu ya kuingia nayo chini ya kitanda.

Jaji alikaa kwenye uwanja wa kanisa. Watu wangu wakaja wote na zaidi; nilihesabu 240. Nikavimba. Kisha nikaona magunia matupu. Mabeseni. Mabidoni ya mafuta.

Jaji akachagua jina moja, mzee Nzabandora, akauliza anadai nini. Unga, muheshimiwa, na mafuta kama iko. Jaji akamuita Damascène: wewe pia unatetea maktaba? Damascène akasema hapana, yeye alifuata chumvi. Karatasi zangu zikawekwa chini, jiwe juu yake. Nyuma wakanipigia kelele: Papa Valentin, unga iko wapi? Ao umeikula?

Njo hapo Mama Mukashema akasimama, akafungua daftari. Hakupaza sauti. Papa Nzabandora, mwezi wa kumi 2008 nilikupa kitabu cha kufuga nyuki, jalada la kijani. Mzee akainamisha kichwa. Akasema kiko, Mama, ninakilalia. Kimelowa mara mbili, nimekikausha mara mbili.

Akasoma jina kwa jina. Jaji akawapa mpaka saa nane. Walikimbia nyumbani na magunia yao matupu, wakarudi nayo yana kitu. Panya wamekula pembe, kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba. Mjane mmoja alileta cha marehemu mumewe, akakataa kukiweka mezani mpaka Mama Mukashema alipokipokea kwa mikono miwili.

Jaji alihesabu mwenyewe. Vitabu 57. Wasomaji wako, vitabu viko, barua imevunjwa! Kufuli lilifunguliwa kabla ya mvua.

Vilivyobaki ni sita. Wasomaji wanne wamefariki. Mama Mukashema aliwataja akiwa amesimama. Mmoja yuko mbali, Itebero, ametuma neno kwamba anakuja kwa miguu. Wa sita ni mimi. Kitabu cha hesabu. Jina langu hakulisoma mbele ya watu. Aliliruka, akafunga daftari.

Jumapili, tarehe 20

Nimefikiri siku tano. Ukihesabu vizuri, nani aliwaleta wale watu? Mimi. Nani aliwafanya waje na magunia? Mimi! Vile vitabu vingerudi ndani ya nini?

Daraja la kwenda mashambani limekatika. Jaji atarudi mwezi ujao, tutamdai daraja. Kesho natoa meza, nalenga 400. Safari hii mabidoni wayaache, waje na mabeseni tu, ya kubebea mawe.

Kitabu cha Mama Mukashema nitakirudisha, naapa. Ila kina kurasa nyeupe nane mwishoni. Majina 50 kila ukurasa.