Milka wa Uriri Avuka Hatua Kumi na Mbili

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kupanga foleni jua likiwatoboa utosi, niwasimulie vita vya Milka binti Oyaro, simba jike wa soko la Uriri, mpima omena, wale dagaa wa ziwani, asiyepunja wala kupunjwa, alivyopigana mchana kweupe katika ofisi ya usajili ambayo sitaitaja, kwa kuwa kitambulisho changu mimi kingali humo.

Ijumaa hiyo alimsindikiza bintiye Liz, aliyeitwa kuchukua kitambulisho chake cha kwanza. Chuo kilikuwa kinafunga kupokea wanafunzi jioni ile ile, na bila kadi Liz angerudi kuanika omena mwaka mzima. Ofisi nayo ingefungwa saa saba, na karani akienda kula siku ya Ijumaa, hurudi Jumatatu.

Langoni aliketi Mokaya, bawabu mwenye daftari, ngome isiyopitika. Kwa desturi ya malango yote ya nchi hii, alitwaa kitambulisho cha Milka, akampa beji ya plastiki namba kumi na nne, naye Liz akaingia kwa dhamana ya mamake. Hatua kumi na mbili mbele yao, mlangoni, alisimama Afande Mochama, aliyehamia asubuhi hiyo, hana sare ila jaketi la ngozi na sauti ya radi. Akadai kitambulisho.

Milka akaeleza kiko wapi. Afande akamwamuru akakilete. Mokaya akajibu kwamba atakitoa akirudishiwa beji, na asiye na beji haruhusiwi kuwa ndani. Mara nne malkia wa omena aliuvuka uwanja ule, kwenda na kurudi, na foleni ikavimba nyuma yake, kila mtu ana beji, hakuna mwenye kitambulisho. Liz akaanza kulia kimya kimya, na hapo ndipo Milka alipokasirika kweli.

Akazipanda ngazi, zote mbili, akahutubia: "Afande, mimi sikatai kuulizwa. Polisi akiniuliza akiwa na sababu, namuonyesha. Lakini kadi yangu mmeshika nyinyi wenyewe, na wewe umevaa jaketi kama makanga wa matatu. Nitajuaje wewe ni polisi? Toa yako kwanza."

Afande akapapasa mifuko yake, akakumbuka kuwa kadi ya kazi ameiacha garini, nje ya lango. Akaondoka kwa hatua za jemadari, akaichukua, akarudi nayo mkononi. Na Mokaya, ambaye hakuwa amemwona akiingia alfajiri, akaipokea, akaiandika daftarini, akampa beji namba thelathini na moja.

Afande akafika mlangoni akiitazama beji yake, kisha ya Milka.

"Pita tu, mama," akasema polepole.

Basi na iandikwe katika tarehe ya Uriri na nchi zote jirani: saa saba kasoro dakika sita, Liz binti Milka alikabidhiwa kadi, amefumba jicho moja pichani. Foleni nzima ikapiga makofi. Milka aliipangusa kadi kwa leso, akamrudishia binti yake.

"Shika vizuri," akasema. "Ukifika kwa geti ya chuo, wataichukua."