Tumbo Langu na Simu ya Mama

Kwako Ndugu Meneja, Kitengo cha Wanachama,
Shirika letu la Bima ya Afya.

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi ni binti wa miaka ishirini na miwili, najifunza kazi ya kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Bado natibiwa kwa bima ya mama, ambaye ni msimamizi wa wapiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Ninyi mnaniita Mtegemezi Namba Moja, cheo nilichokipokea kwa unyenyekevu kwa kuwa sina kingine. Kwa matibabu nawashukuru. Ninacholalamikia ni ule ujumbe mnaomtumia mama kila ninapoguswa na daktari. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasigombanie mlango.

1. Kuhusu macho ya mama. Ndugu Meneja, mama haoni maandishi madogo, na miwani haitaki, anasema itamzeesha. Kwa hiyo ujumbe wa simu husomewa na mpiga pasi wa meza ya jirani, mwanamke mwenye moyo safi na sauti nzito, ambaye wenzake walimpa jina la Spika bila kupiga kura. Mashine za kufulia zinanguruma, hivyo Spika hana budi kupaza sauti. Mlipotuma "Mtegemezi wako amehudumiwa: ushauri nasaha", wapishi wa hoteli walipata habari kabla mimi sijatoka kwenye lango la kliniki.

2. Kuhusu tafsiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa silali. Tangu baba afariki, kila nikijinyoosha kitandani moyo ulikwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa, na nikaona vibaya kumwongezea mama mzigo ilhali wake mwenyewe haujamtoka kichwani. Nikatafuta mtu baki wa kumwambia. Lakini ujumbe wenu haukueleza hayo. Ulisema ushauri nasaha, ukawaachia ndugu zangu kazi ya kujaza. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa jibu hata pasipo swali, alijaza mimba. Jioni ile ile akaja na beseni la kuogeshea mtoto, rangi ya waridi. Mjomba akaja nyuma yake, akakaa kwenye kochi kubwa, akataka kujua mwenye mzigo ni nani na anafanya kazi gani.

Nikawaeleza kwamba nilikwenda kuzungumza tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mimba wangeielewa. Mjomba alivua kofia, akasema taratibu, "Kuzungumza tu? Na mgeni? Kwani sisi humu tuna vinywa vya kulia chakula peke yake?" Mama alilichukua lile beseni, akaenda kuloweka nguo. Kwa mshauri nikaacha kwenda.

3. Kuhusu fangasi ya vidole vya miguu. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba tangu Spika aitangaze, kandambili zangu zinalala nje, na binamu yangu akija kutusalimu huangalia kwanza chini.

4. Kuhusu kidole tumbo. Mwezi uliopita tumbo lilinishika upande wa kulia. Mwenye akili zake angekwenda hospitali. Mimi nilimwona Spika akivuta pumzi, nikamwona shangazi akichagua beseni la pili, nikachemsha tangawizi. Kazini nilimwambia fundi mkuu kwamba nimevimbiwa, nikapanga kurasa nimejikunja kama kamba. Nilivumilia hadi nikaangukia rundo la kalenda zilizokuwa zinasubiri kukatwa.

Mama aliitwa, akaja na aproni yake ya kazi. Kabla ya kuniingiza chumba cha upasuaji, daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kinakaribia kupasuka, akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo. Nikamjibu, "Nilikuwa namficha mama." Sikujua kwamba mama yuko upande wa pili wa pazia. Ndugu Meneja, maumivu yote yale sikuyalilia. Nililia nilipouona uso wa mama alipolifungua lile pazia.

Ujumbe wenu ulifika nikiwa wodini, mama amenishika mkono. Kwa kuwa Spika hakuwepo, nilimsomea mimi mwenyewe: "Mtegemezi wako amehudumiwa: upasuaji." Nikawashukuru kwa kutujulisha.

Nilipopata nguvu, mama alinisindikiza hadi kwenye mlango wa yule mshauri, akakaa kwenye benchi la nje. Akaniambia, "Ingia mwanangu. Ya ndani ni yako." Nilipotoka, simu yake ililia mlio wa ujumbe mkobani. Hakuitoa.

5. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: habari za mwili wangu zije kwenye simu yangu. Mtu akikulipia nauli hajanunua miguu yako. Na kama hilo haliwezekani, basi msifanye kazi nusunusu. Picha ya utumbo wangu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hoteli, karibu na orodha ya vyakula. Shangazi apewe nakala mapema, apate kununua chombo kinachofaa. Mjomba awekewe kochi ndani ya chumba cha daktari, aulize maswali yake palepale. Ila mimi nashikilia kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na hakuna undugu, mapenzi wala udhuru wowote unaomruhusu mtu kuchungulia faili la mwenzake.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule anayebonyeza kitufe cha kutuma. Namwombea likizo ndefu. Mama anawasalimu. Spika anawasalimu, na nadhani mmeshamsikia.

Wenu kwa heshima na kovu dogo,
Mtegemezi Namba Moja

Baada ya sahihi: Mama naye siku hizi anakwenda kliniki. Anaondoka amevaa nguo nzuri, anarudi amechoka, na dawa sizioni. Nikimwuliza anasema ni mambo ya watu wazima, nishughulike na kupona. Nyumbani tumebaki wawili tu. Kwa hiyo naomba mnitumie ujumbe kila anapohudumiwa: ameingia chumba gani, daktari amesema nini, na kama kulikuwa na mtu wa kumshika mkono. Msifupishe. Na tafadhali, asijue kwamba nimeuliza.